Toroli Ishirini na Saba

Ledbury
Jumapili, 16 Novemba 2014

Mdogo wangu Gwenda,

Teasel alikufa Alhamisi tarehe 30 Oktoba, saa nane na dakika arobaini mchana, saa tano baada ya wewe kuwasha gari na kuondoka. Nimeliweka hilo mstari wa kwanza ili usije ukasema barua yangu ilikuzungusha. Sasa salamu.

Hatujambo. Shemeji yako Clive amepasuliwa goti wiki iliyopita, anatembea na fimbo na kutoa amri kutoka kwenye kochi kama jemadari aliyestaafu. Mwanao Tamsin mimba yake ina miezi mitano. Hataki kuambiwa kama ni mvulana au msichana, ila ameshanunua vitu vya njano vya kutosha watoto watatu. Kazini tumepata hoteli mbili zaidi, sasa tunafua mashuka elfu moja mia nne kwa siku na mashine ya tatu imeanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje. Wewe je? Anwani uliyoniachia ni ya Silloth, huko juu kabisa pwani ya Cumbria, na huko simjui mtu. Simu yako inaita mpaka inakata. Nimepiga mara kumi na nne. Basi naandika, maana barua huwezi kuizima sauti.

Daktari wa farasi alisema ni zile mbegu za mabawa, za ule mti mkubwa wa sikamori pembeni mwa malisho. Sumu yake inayeyusha misuli. Ndiyo maana Jumanne asubuhi nilimkuta Teasel amesimama kama meza, hawezi kunyanyua mguu, jasho linamtoka kwenye baridi, na mkojo wake rangi ya kahawa. Jumatano akalala chini. Ulimwona mwenyewe, ulipiga magoti kwenye tope ukamshika sikio. Alhamisi asubuhi ukaondoka, ukaniachia kikaratasi kwenye ndoo ya farasi wako: "Dada, niangalizie Dobbs wiki mbili." Leo ni siku ya kumi na saba.

Nilimnunua nikiwa na miaka arobaini na sita. Unajua nilianza na ndoo moja na ngazi ya kuazima, nikiosha madirisha ya watu waliokuwa na farasi. Nilijiambia, siku nitakayokuwa na wangu sitamwomba mtu ruhusa ya kumgusa. Miaka kumi na moja, Gwenda. Siku zaidi ya elfu nne nimeamka nikijua kuna mmoja ananisubiri langoni ambaye hajali mimi ni nani. Sasa naamka saa kumi na moja kama zamani, navaa viatu vya tope, halafu nakaa jikoni nimevaa viatu vya tope.

Daktari aliniuliza maswali mawili. La kwanza: nani alikuwa na zamu ya kusafisha malisho siku zile? Nikampeleka kwenye ubao wetu. Wenye farasi tuko watano, farasi tisa, mwenye zamu anaokota mavi yote ya siku na, kuanzia Oktoba, anafagia mbegu chini ya mti. Akimaliza anaweka herufi yake na tiki. Nilianzisha ubao huo kwa sababu hapo kabla kila mtu aliokota mavi ya farasi wake tu, eti anayatambua. Na sheria ya ubao unaijua, niliitunga mimi: anayeweka tiki bila kusafisha, farasi wake anapoteza nafasi malishoni.

Jumamosi tarehe 25: G, tiki. Jumapili tarehe 26: G, tiki.

Swali langu ni moja. Je, ulisafisha? Sitaki maelezo, nataka jibu.

Dada yako,
Noreen


Silloth
11 Desemba 2014

Dada Noreen,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako na nimeisoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mimi sijambo. Huku upepo wa baharini unapiga ubavuni mwa nyumba mchana kutwa, na mashuka ukiyaanika unayafuata shamba la jirani. Ungecheka. Nimepata kazi ya kumwangalia mzee mmoja mgonjwa, kazi ya kulala humo humo. Namlisha, namgeuza, namsomea bei za ng'ombe kwenye gazeti kwa sababu ndizo anazopenda. Usinipigie simu, tafadhali. Simu ikilia mzee anashtuka, kisha inachukua saa nzima kumtuliza. Mpe Clive pole ya goti. Mwambie Tamsin mama yake mdogo anafuma soksi, na ole wake akizikataa kwa sababu ya rangi.

Kuhusu Teasel sina neno la kutosha. Nakumbuka alivyokuwa akitembea mbele ya wote kwenda majini, masikio nyuma, na wale wengine wanane wakisubiri amalize kunywa kama watoto wa shule. Hata Dobbs, mkubwa vile, alimwogopa. Majani mazuri yote yalikuwa yake kwanza. Nikifikiria hilo nashindwa kula.

Dobbs anakula? Anapenda umchanganyie karoti iliyosagwa, si iliyokatwa. Najua nilisema wiki mbili. Naomba univumilie, dada. Siwezi kusema mpaka lini.

Kuhusu ubao, tiki umeziona.

Lakini nami nina swali. Umeandika kwamba daktari alikuuliza maswali mawili. Nimehesabu, hesabu nilijifunza kwako, na kwenye barua nimeona moja tu. La pili lilikuwa lipi?

Mdogo wako,
Gwenda


Ledbury
Jumapili, 4 Januari 2015

Gwenda,

Marahaba. Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikuwa sita mezani na bata mzinga wa kilo saba, Clive akamkata vibaya akalaumu goti. Kiti chako nilikiweka kisha nikakiondoa. Tamsin amevimba miguu. Soksi zimefika, ni za zambarau, amezikubali.

Dobbs anakula nusu. Nimemsagia karoti kama mtoto anayeota meno. Kila tela la farasi likiingia anakimbia mpaka kwenye uzio, anaita, anauangalia mlango ukifunguliwa, akiona aliyeshuka siye anageuka na kwenda kusimama pale pale Teasel alipolala. Majani ya mahali pale yamekwisha, ni tope tupu, ila hasogei. Nimejaribu kumvuta kwa ndoo. Anakuja, anakula, anarudi.

Sasa nikuambie mambo ya hapa, ili ujue unaniacha na nini. Jana Jumamosi nilimkuta Hilary Tranter mbele ya ubao, kashika kikombe cha chai, kakunja uso kama anasoma hati ya urithi. Unamjua, mwenye wale farasi wawili weupe asiowahi kuwaosha.

"Noreen, bibie," akasema, "ubao wako huu una tiki nyingi kuliko daftari la mwalimu wa chekechea. Kila mtu hodari!"

"Sema unalotaka kusema, Hilary."

"Mimi? Sina la kusema. Nashangaa tu. Kila siku pamefagiwa, halafu farasi anakufa kwa mbegu. Labda alizipanda mwenyewe kwenye chungu."

Mzee Prosser alikuwa anapita na trekta, akazima injini ili asikose. Nikamwambia, "Mzee, malisho ni yako, hukuona kitu siku zile?"

"Mama, mimi nakodisha majani," akasema. "Macho sikodishi. Ila hili mlimalize. Mkutano Machi, tarehe 28. Mtu asiyesafisha atoke, maana nikipoteza farasi mwingine nitakosa wapangaji."

"Na akiwa ni ndugu wa aliyetunga sheria?" Hilary akauliza, anapuliza chai.

"Sheria haina dada," nikamjibu. Nilisema hivyo, Gwenda, mbele yao. Nikaenda kwenye gari nikafunga mlango.

Umeandika kwamba tiki nimeziona. Naam. Sasa nami nikuonyeshe nilichokiona. Jumatatu tarehe 27 zamu ilikuwa yangu. Farasi tisa kwa siku wanatoa toroli tisa, ukiongeza hata moja ni kwa sababu mtu kajaza vibaya. Mwaka mzima nimeandika hesabu hiyo na haijawahi kupita kumi. Jumatatu ile nilijaza toroli ishirini na saba. Tisa mara tatu. Hata mtoto wa Tamsin, humo tumboni alimo, anaweza kugawanya.

Kwa hiyo sikukuuliza kwa sababu sijui. Nilikuuliza ili nikusikie ukisema. Ndicho kitu pekee nilichokuomba, na umenijibu kwa tiki.

Ulikuwa na miaka sita, labda umesahau, basi nikukumbushe. Nilikuwa na poni anaitwa Pippin. Nikarudi shuleni siku moja, nikaambiwa kafa kwa tumbo, kazikwa nyuma ya banda. Tuta lilikuwepo kweli. Mwaka mzima nilipeleka maua kwenye lile tuta, na baridi ilipokuja nikalifunika kwa gunia, nikiwa na miaka kumi na miwili na akili zangu zote. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho ya Leominster, nikamwona Pippin amesukwa nywele za shingo, amebeba msichana mwenye glavu za njano. Alinijua. Aliniitikia. Nikageuka nikamtazama aliyekuwa kasimama pembeni yangu, naye akaniangalia machoni akasema, "Huyo si yeye." Nilipochimba tuta nilikuta sinki iliyovunjika.

Yule mtu hakusema kweli mpaka leo, na jina lake halitajwi nyumbani kwangu. Wewe ni wa pili, Gwenda. Sikutegemea iwe wewe.

Swali la pili la daktari lilikuwa la kidaktari. Halikuhusu.

Noreen


Silloth
9 Februari 2015

Dada,

Shikamoo. Natumaini Tamsin hajambo na miguu imepungua. Umwambie alale ubavu wa kushoto. Huku tumepata theluji siku nne, barabara imefungwa, maziwa nimeletewa na jirani kwa miguu. Nimeandika barua hii mara tatu na mbili nimezitia jikoni kwenye moto.

Sikusafisha.

Jumamosi sikusafisha, Jumapili sikusafisha. Tiki zote mbili niliziweka Jumamosi saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hata jua halijatoka. Nilisimama mbele ya ubao na koti langu, funguo mkono mmoja, chaki mkono mwingine. Nilisema moyoni, Jumatatu ni zamu ya Noreen, Noreen haachi hata kinyesi cha sungura, siku mbili hazimuui mtu. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Naliandika ili liwe mbele yako kama lilivyo mbele yangu kila siku.

Sasa kwa nini. Mzee ninayemwangalia ni baba.

Ukitaka kuchana karatasi hii, chana baada ya kumaliza. Yuko Silloth miaka tisa sasa. Nimekuwa nikimtembelea mara mbili kwa mwaka na kukuachia kikaratasi kwamba nimekwenda kwenye mafunzo ya kazi. Jumamosi ile jirani yake alinipigia saa kumi na moja na nusu: "Njoo, mzee kaanguka, mdomo umekwenda upande." Kiharusi. Ningekupigia ukasema, "Unakwenda wapi?" ningesema nini? Kwa mdomo wangu sijawahi kuweza kukudanganya, dada, hata udogoni ulikuwa unauona uongo masikioni mwangu. Na kusema "kwa baba" nako sikuweza, kwa sababu nilipolisema mara ya mwisho hukuzungumza nami miezi minane. Basi nikaupa ubao kazi ya kusema uongo.

Nilirudi Jumatano kuchukua nguo zangu nikamkuta Teasel chini. Nilijua pale pale. Nilipomshika sikio nilikuwa naomba radhi, ila si kwa sauti, kwa sababu ulikuwa karibu. Alhamisi asubuhi hospitali wakapiga kwamba baba amepata kiharusi kingine. Sikukimbia kifo cha Teasel. Niliitwa kwenye kifo kingine, na hicho nacho hakikuja.

Sasa hivi hana maneno. Amebaki na moja tu, "ndiyo". Ukimuuliza anataka chai, ndiyo. Ukimuuliza anaumwa, ndiyo. Huumwi? Ndiyo. Baada ya barua yako ya Januari nilikaa kitandani kwake nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, yule poni wa Noreen, ulimuuza?" Akajibu, "Ndiyo." Nikapiga kelele kwa furaha, dada, nikasema hatimaye nina cha kukupelekea. Halafu nikaogopa. Nikamuuliza, "Au alikufa?" Akasema, "Ndiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka, ila daktari anasema macho yake hutoka machozi tu, ni neva. Sijui. Nakuletea vyote kama vilivyo, sijachagua.

Mkutanoni waambie. Nafasi ya Dobbs ikipotea, imepotea kwa haki.

Lakini dada, nimekaa na toroli zako ishirini na saba wiki tano. Ulizijaza Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu jioni ulishajua kwamba siku mbili hapajafagiwa. Na nilipofika Jumatano niliona kitu kingine. Uzio wa umeme wa kuuzunguka ule mti ulikuwa umesimama, lakini vigingi havikuwa kwenye mashimo yake ya zamani. Vilikuwa kwenye mashimo mapya, udongo wake bado mbichi.

Sikuulizi ili tugawane. Langu ni langu. Nakuuliza kwa sababu umesema mimi ni wa pili. Swali la pili la daktari lilikuwa lipi?

Gwenda


Ledbury
Jumapili, 15 Machi 2015

Mdogo wangu,

Mtoto amezaliwa Jumanne, msichana, kilo tatu na robo, jina Bronwen. Tamsin mzima. Clive alimbeba akaketi naye kwenye kochi, goti halikutajwa siku nzima. Leo ni sikukuu ya akina mama, nimepeleka maua kaburini kwa mama, nikaweka ya kwangu na ya kwako.

Wiki tano sikukujibu. Nilikuwa nimechana barua yako vipande vinne, kisha nikaviunga kwa gundi ya karatasi kwenye meza ya ofisini, mhasibu akinitazama.

Swali la pili la daktari lilikuwa hili: "Na uzio wa kuzunguka mti, ulikuwa umesimama?" Nilimjibu, "Ndiyo, daima."

Haukuwa umesimama. Niliung'oa mwenyewe Ijumaa tarehe 24, saa kumi jioni. Majani ya malisho yalikuwa yamebaki kama zulia lililochakaa, na chini ya mti yalikuwa bado marefu. Nikapiga hesabu zangu: kukifagiwa kila asubuhi hakuna hatari, na Teasel atapata siku kumi za majani kabla hatujawaingiza ndani kwa majira ya baridi. Sikumwambia mtu. Niliuamini ubao wangu. Nilijua wengine wote watangoja na yeye ndiye atakayekwenda wa kwanza, ndivyo nilivyotaka. Nilimtengea, Gwenda. Kile kipande chote nilikuwa nimemtengea yeye.

Jumatatu nilifika saa tisa na nusu. Saa zilikuwa zimerudishwa nyuma Jumapili, saa kumi na moja giza. Toroli ya kumi nikasema, aa, mtu kajaza vibaya. Ya kumi na tano nikajua. Hapo ndipo ningeacha reki nikaenda kumshika Teasel hatamu na kumtoa pale. Alikuwa hatua arobaini kutoka kwangu, nilikuwa namsikia akikata majani. Sikuacha. Niliendelea kujaza kwa sababu nilitaka idadi kamili. Nilitaka nikikukabili uwe huna pa kutokea. Nilipofika ishirini na saba giza lilikuwa limeingia na mbegu hazikuonekana tena, nikasema nitafagia kesho. Nilikwenda nyumbani nimeridhika, nikamwambia Clive, "Safari hii nimempata."

Jumanne nilimkuta vile nilivyokueleza. Nikampigia daktari, akasema dakika ishirini na tano. Unajua nilifanya nini kwa dakika hizo? Nilimwacha Teasel amesimama anatetemeka peke yake, nikaenda kusimamisha uzio. Nilipiga vigingi kwa jiwe. Alikuwa ananiita, kwa ile sauti ya chini ya asubuhi, ya kusema umechelewa, na mimi nilikuwa nimempa mgongo napiga vigingi. Hata mashimo ya zamani sikuyatafuta. Daktari akafika, akauliza, nikamjibu ndiyo.

Sijamwambia mtu. Clive hajui. Miezi minne nimekuwa nikikudai neno ambalo mwenyewe nilikuwa nimelifukia.

Sasa mambo yatakuwa hivi. Jumamosi tarehe 28, saa tisa alasiri, nitasimama mbele ya Prosser na Hilary na wenzao, niwaambie yako na yangu, yangu kwanza. Sheria ya ubao haikutaja uzio, kwa hiyo Hilary atasema mimi nibaki. Sitabaki. Sina farasi, na hata ningekuwa naye nisingeweza kufungua lango lile. Dobbs nafasi yake itakwisha siku hiyo hiyo, nao wana haki.

Kwa hiyo Dobbs anakuja kwako. Umesema kuna shamba la jirani, mwulize kama atakukodishia kipande chenye uzio mzima na kisicho na mti hata mmoja wa aina ile. Nimeangalia ramani: maili mia mbili na arobaini, na kwa tela ni mwendo wa saa sita na nusu, tukisimama mara mbili kumnywesha. Tutaondoka Jumapili tarehe 29 saa kumi na mbili asubuhi. Nitamleta mwenyewe. Dereva wa kukodi hatajua kwamba asimfungulie Dobbs mlango wa tela kabla ya kumwita jina, maana kila mlango wa tela ukifunguliwa bado anatarajia atakayeshuka ni Teasel. Humwoni alivyokonda. Akikuona wewe huenda akala.

Sijui kama nitaweza kukukumbatia, sitaki kuahidi. Sijui kama wewe utataka. Lakini nimechoka kuandika G na tiki kwenye pembe za karatasi za ofisini.

Na kuna lingine. Kumleta Dobbs ni kufika nyumbani kwa baba. Nimeandika neno hilo, unaona. Miaka arobaini sijaliandika. Jibu lake nimelisoma, yote mawili, na nakushukuru kwamba hukuchagua. Ungechagua ningejua, na tungekuwa tumerudi kwenye sinki. Sitapata tena la kweli kutoka kwake, hilo limekwisha na ninaliomboleza kama nilivyomwomboleza Teasel, kwa viatu vya tope jikoni. Lakini siwezi kuingia kwenye nyumba ile kama mtu aliyeleta mzigo. Nakujua. Ukiogopa kishindo, utamwambia kuna mama mmoja analeta farasi, utamgeuzia ukutani, utanipa chai barazani, na jioni nitaondoka bila yeye kujua nilikuwa nani. Ungefanya hivyo kwa huruma, kama ulivyoshika chaki kwa huruma. Sitaki.

Mwambie kabla sijafika. Mwambie jina langu, na mwambie ninakuja na farasi. Uwe umemkalisha anaona mlango. Kisha uniandikie, au upige simu ofisini, nipate jibu kabla ya Alhamisi tarehe 26, saa sita mchana, kwa sababu Ijumaa nalipeleka tela likaguliwe magurudumu, na bila jibu silipeleki.

Yeye amebakiwa na neno moja. Wewe bado unayo yote mawili. Umemwambia baba kwamba anayekuja ni mimi, ndiyo au hapana?

Dada yako,
Noreen